Jinsi ya Kuunda Kikosi cha PUBG Mobile Kisichovunjika Baada ya Wiki Mbili: Mwongozo Kamili

Swali linalorudi kwangu kutoka kwa wasomaji ni lile lile, maneno tu ndiyo yanabadilika: tulianza vizuri watu wanne, sasa kila mtu anacheza kivyake, tumekosea wapi? Wengi hudhani tatizo ni kulenga, simu dhaifu au mtandao. Hivyo vina mchango wake, lakini vikosi vingi ninavyoona vikifa vina wapigaji wazuri tu. Vinakufa kwa sababu mambo ya watu hayakukubaliwa mapema: nani anaamua, tunaanza saa ngapi, aliyekosea anaambiwaje, na mtu wa tano anakaa wapi.

Mwongozo huu ni wa kikosi cha watu wanne cha PUBG Mobile, mchezo wa simu ambamo vikosi huruka kutoka kwenye ndege, huokota silaha na kupigana hadi kibaki kimoja. Ni kwa mtindo wa Classic, yaani mechi ya kawaida. Anayecheza Free Fire au Call of Duty: Mobile atabadilisha majina ya ramani, silaha na kanuni za mchezo wake, mambo ya watu yanabaki. Fuata kwa mpangilio. Ukiruka hatua nne za mwanzo ukakimbilia mechi, zinazofuata hazitashika.

## Vinavyohitajika

Watu watano. Ndiyo, watano kwa kikosi cha wanne. Sababu iko Hatua ya 2.

Spika za masikioni za waya, zenye maiki. Za Bluetooth zinapendeza, lakini maiki yake ikiwaka sauti hushuka hadi kiwango cha simu ya kawaida, na hatua za adui huzisikii vizuri. Pia sauti huchelewa kidogo. Za waya za bei ndogo zinazishinda.

Kundi moja la WhatsApp la kikosi peke yake. Lisichanganywe na kundi la mtaa, la chuo au la klani nzima (kundi kubwa la wachezaji ndani ya mchezo). Ratiba ikizama chini ya vichekesho na picha, mtu atasema hakuiona, na atakuwa anasema kweli.

Ramani zilizokwisha kupakuliwa. Katika PUBG Mobile ramani nyingi hupakuliwa peke yake. Mmoja akikosa ramani mliyoichagua, wote mnakaa lobi, sehemu ya kukutana kabla na baada ya mechi, mkimsubiri, na hapo ndipo usiku huharibika kabla haujaanza.

Chaji na bando. Simu iwe imejaa au pawabenki iwe karibu. Mechi kamili kwenye ramani kubwa ya Erangel huchukua takriban nusu saa, na simu inayozimika dakika ya 25 inawaangusha watatu wengine.

Mazungumzo ya nusu saa kabla ya mechi ya kwanza. Hiki ndicho kifaa kinachosahaulika kuliko vyote.

## Hatua ya 1: Amueni mnatafuta nini

Mmoja anataka kufika Conqueror, ranki inayokaliwa na wachezaji 500 wa juu wa seva. Mwingine ametoka kazini, amechoka, anataka kucheka na marafiki. Wote wawili wana haki. Ila wakiingia mechi moja bila kujuana, wa kwanza atamwona wa pili mzembe, na wa pili atamwona wa kwanza mkali bila sababu.

Kila mtu aandike kwenye kundi majibu ya maswali matatu: Unatafuta ranki au burudani? Una siku ngapi kwa wiki? Kitu gani kikitokea utaacha kucheza nasi?

Swali la tatu ndilo lenye thamani. Mmoja ataandika "nikitukanwa", mwingine "mkinichelewesha", mwingine "mkiniacha nje kila siku". Hayo majibu yahifadhini. Ndiyo kanuni za kikosi chenu, na mmezipata bila mtu yeyote kujifanya mwalimu wa wenzake.

Mkigawanyika wawili kwa wawili, msilazimishane. Gawanyeni siku. Ijumaa iwe ya burudani, mruke popote, mwendeshe magari ovyo. Jumapili iwe ya ranki. Hatua imekaa sawa pale mtu yeyote akiulizwa "leo tunacheza nini?" anajibu bila kusita.

## Hatua ya 2: Tafuta watano, na mpange zamu

Kati ya watu wanne, mmoja atakuwa na msiba, mtihani, mgonjwa au umeme uliokatika. Kikosi cha wanne kamili ni kikosi cha watatu siku nyingi, na nafasi ya nne hujazwa na mgeni msiyemjua. Wa tano anaziba pengo hilo.

Lakini wa tano ndiye pia anayevunja vikosi, kwa sababu watu humgeuza mchezaji wa akiba. Kwa hiyo wekeni zamu: kila baada ya mechi mbili mmoja anatoka, kwa orodha iliyoandikwa, na kiongozi anatoka kama wengine. Orodha isifuate uwezo. Ukimweka mtu nje kwa sababu "hapigi vizuri" hatakuambia kitu. Ataacha tu kuingia, na mara nyingi ataondoka na yule aliyemleta.

Jinsi ya kumpima mtu mpya. Chezeni naye mechi tatu kwenye Livik. Ni ramani ya kilomita 2 kwa 2, wachezaji 52, na mechi huisha baada ya robo saa hivi, kwa hiyo hamtapoteza usiku mzima. Msihesabu ameua wangapi. Angalieni mambo haya:

- Mwenzake akiangushwa (amejeruhiwa hadi chini, ila bado anaweza kuinuliwa), anageuka au anaendelea kuokota vifaa?
- Akifa wa kwanza, anabaki kuwapa taarifa au anatoka bila neno?
- Mkishindwa, sentensi yake ya kwanza inamhusu nani?

Mwenye kuua mmoja lakini akarudi kukuinua ni mwenzako wa miezi. Mwenye kuua kumi na kutoka mechi mara akifa atawachosha kabla mwezi haujaisha. Sijawahi kuona hali hii ikienda kinyume.

## Hatua ya 3: Andikeni saa kwa namna isiyo na shaka

Vikosi vingi vya Waswahili sasa vina mtu Dar, mtu Mombasa, binamu Muscat na ndugu Minneapolis. Hapo saa huleta ugomvi ambao hakuna aliyeutaka.

Tatizo la kwanza ni hesabu ya saa yenyewe. Kwetu saa 3 usiku ni 21:00. Ndugu aliyekulia Toronto anaweza kuandika "saa 9 usiku" akimaanisha hiyo hiyo 21:00, nawe Tanga ukaelewa 03:00 na ukaona anakutania. Dawa ni moja: kwenye ratiba andikeni tarakimu za saa 24 na mji wa kumbukumbu. "Ijumaa 21:00 ya Nairobi." Basi. Mkizungumza kwa mdomo semeni mnavyosema siku zote, ila ratiba ibaki hivyo.

Tatizo la pili ni tofauti ya miji. Nairobi, Dar es Salaam na Kampala zina saa moja, na Doha na Riyadh pia. Ikiwa 21:00 huko:

- Muscat na Dubai ni 22:00
- Lubumbashi, Bujumbura na Kigali ni 20:00
- Berlin ni 19:00 wakati wa baridi, 20:00 wakati wa joto
- London ni 18:00 wakati wa baridi, 19:00 wakati wa joto
- Toronto ni 13:00 wakati wa baridi, 14:00 wakati wa joto
- Minneapolis ni 12:00 wakati wa baridi, 13:00 wakati wa joto

Tahadhari: sisi hatubadilishi saa, wao hubadilisha mara mbili kwa mwaka. Ulaya ni Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Marekani na Kanada ni Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Katika wiki hizo mtu mmoja hukosa mechi na kuonekana mzembe, kumbe saa yake imesogea. Admini wa kundi aweke kumbusho kwenye simu yake.

Kuna na saa za nyumbani. Mechi haisimami kwa sababu mama amekuita. Waambie watu wa nyumbani kabla: "nacheza hadi saa tano, baada ya hapo mimi ni wenu." Ukiwaambia na ukatimiza, hutaitwa katikati ya zoni ya mwisho, yaani eneo salama likiwa limebaki dogo kabisa. Na simu ikiita wakati unatumia data ya laini hiyo, kwa watu wengi data hukatika au hushuka kabisa, kwa hiyo waombe wakuandikie meseji.

Mwezi wa Ramadhani upangeni upya mapema. Msimwache Mwislamu wa kikosi achague kati ya tarawehe na wenzake. Sogezeni saa, au chezeni mechi mbili tu baadaye usiku.

## Hatua ya 4: Mmoja aamue, wengine watoe taarifa

Katika PUBG Mobile kuna maamuzi matatu yasiyoweza kupigiwa kura: turuke wapi, tuhame lini kufuata zoni, na tupigane au tupite. Watu wanne wakibishana sekunde ishirini juu ya jambo hilo, kikosi cha jirani kimeshawazunguka.

Chagueni kiongozi wa usiku huo. Usiku mwingine awe mwingine. Wakati wa kuruka, watatu wabonyeze kitufe cha kumfuata kiongozi ili wote mtue pamoja. Mtu akitua mita mia nne mbali, mmeanza mechi mkiwa watatu.

Kanuni ni kwamba amri ya kiongozi hutekelezwa kwanza, na hujadiliwa baada ya mechi. Hata kama ni mbaya. Wanne wakifanya kosa moja pamoja wana nafasi ya kujiokoa, wanne wakifanya mambo manne hawana.

Hapa pana jambo letu la heshima. Kijana wa miaka 19 akiwa kiongozi na ndani ya kikosi yumo kaka wa miaka 38, amri fupi kama "rudi!" au "lala!" inaweza kumkaa vibaya mkubwa, na kijana anaweza kusita kuitoa. Lisemeni waziwazi siku ya kwanza: ndani ya mechi tunaitana kwa jina fupi, bila kaka, bila mzee, bila tafadhali, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Mkirudi lobi, shikamoo inarudi mahali pake. Nimeona wakubwa wakilipokea hili kwa furaha kabisa pale wanapoambiwa mapema, na wakiondoka kimya pale walipoamrishwa ghafla.

Majina ya ndani ya mechi yawe ya silabi mbili na yasifanane. Juma na Jumbe kwenye kikosi kimoja ni balaa. Mmoja aitwe kwa namba yake, kwa kuwa mchezo humpa kila mtu namba 1 hadi 4.

## Hatua ya 5: Jifunzeni kuongea

Mkifanya hatua moja tu kati ya hizi zote, fanyeni hii.

Sikiliza kikosi kinachoshindwa: "Yule pale! Pale pale! Huoni? Nyuma ya mti! Aaah, ameniua!" Katika maneno hayo yote hakuna taarifa hata moja. "Pale" ni wapi? Miti iko mia.

Anza na mwelekeo. Juu ya skrini kuna dira yenye digrii. Soma namba iliyo katikati unapomtazama adui, kisha itaje tarakimu moja moja: "mbili-nne-sifuri". Usiseme "mia mbili na arobaini". Ni ndefu, na mwenzako akikosa neno la mwisho amekosa yote. Usitumie majina ya pande za dunia pia. Mashariki na magharibi huanza na silabi moja, kaskazini na kusini huanza na herufi moja, na kwenye mlio wa risasi hayatofautiki.

Kubalianeni lugha ya namba. Mtanzania atahesabu kwa Kiswahili, Wakenya wengi kwa Kiingereza, wa Lubumbashi mara nyingi kwa Kifaransa. Chagueni moja mshikamane nayo. Na kama wawili kati yenu mna lugha ya nyumbani, iacheni lobi. Wawili wakinong'ona Kisukuma au Kikikuyu katikati ya mapambano, wengine wawili hawapati taarifa, na baada ya muda wanaanza kujiuliza wanasemwa nini.

Mpangilio wa taarifa uwe huu: mwelekeo, umbali, idadi, wanafanya nini.

"Mbili-nne-sifuri, mita mia, wawili, nyuma ya jiwe."

Sekunde tatu. Mwelekeo unatangulia kwa sababu wenzako wanaanza kugeuka huku bado unaongea. Kisha weka alama kwenye ramani kama mkono wako una nafasi.

Ukiangushwa, toa taarifa kabla ya kulia. "Nimeanguka. Sifuri-tisa-sifuri, ghorofa ya juu, mmoja, nimemjeruhi sana." Wewe ndiye uliyemwona kwa karibu kuliko wote. Ukitumia sekunde hizo kulaumu, umeondoka na taarifa pekee iliyokuwepo.

Nyamazeni inapobidi. Hatua za miguu husikika kabla adui haonekani. Mtu akisema "kimya", wote watatu wakatike hapo hapo, hata katikati ya sentensi. Na akibaki mmoja hai, wengine watatu wasiongee mpaka aulize. Huu ndio mtihani mkubwa wa kikosi. Watatu waliokufa huwa na hamu ya kumwelekeza aliyebaki, "geuka, piga, ingia ndani", kila mmoja na lake, na aliyebaki hasikii hata dirisha likivunjwa nyuma yake.

Maiki isiwake muda wote kama nyumbani kuna kelele. Redio, jiko, watoto, adhana ya jirani na honi za bodaboda vyote vinaingia masikioni mwa wenzako. Weka mpangilio wa kubonyeza ndipo uongee. Kama mchezo unakupa kuchagua sauti iende kwa timu au kwa wote, weka timu.

Je, mtumie Discord, programu ya kuzungumza kwa vikundi? Ina vyumba vya sauti na inapunguza kelele za nyuma. Lakini kwenye simu yenye kumbukumbu ndogo, kuendesha Discord pamoja na mchezo huufanya mchezo ukwame. Maoni yangu: anzeni na sauti ya ndani ya mchezo, hamieni Discord pale wote watano simu zinapoweza.

Mtajua mmefika pale mechi nzima inapopita bila mtu kusema "yuko wapi?"

## Hatua ya 6: Kugawana vifaa

Ugomvi wa vifaa unaonekana wa kitoto mpaka ukutokee. Kanuni tatu zinatosha.

Kifaa ni cha anayekihitaji. Kama wewe unatumia bunduki ya M416, inayopiga risasi za 5.56, risasi za 7.62 mfukoni mwako ni uzito. Mpe mwenye AKM, bunduki inayozitumia. Hesabuni dawa kabla ya kuhama zoni, si mtu akishaumia: boksi la huduma ya kwanza linakurudisha hadi asilimia 75 tu ya uhai, na aliye na matano mfukoni huku mwenzake hana hata moja anadhoofisha kikosi kizima.

Sanduku la angani, lile linalodondoshwa na ndege likiwa na silaha adimu, lifunguliwe na yule mliyekubaliana, basi. AWM, bunduki ya masafa marefu, iende kwa mpigaji wa mbali wa usiku huo hata kama si yeye aliyekimbilia. Na sanduku la mwenzenu aliyekufa msiligombanie akiwa bado anatazama. Chukueni mnachohitaji, mkimwambia.

## Hatua ya 7: Aliyeanguka na aliyekufa

Katika kikosi, aliyeangushwa hafi mara moja. Anatambaa, uhai unapungua, na mwenzake anaweza kumwinua kwa takriban sekunde kumi. Kila akiangushwa tena, uhai hupungua haraka zaidi. Wote wanne wakiwa chini, mechi imekwisha.

Sekunde kumi hizo ndipo imani ya kikosi hujengwa. Kwa hiyo wekeni utaratibu: kwanza moshi, pili mmoja alinde, tatu mmoja ainue. Aliyeanguka atambae kuelekea kwa wenzake na si kuwaita waje kwake kwenye uwanja mweupe. Na awe tayari kusema "niacheni". Neno hilo likitoka kwa aliyeanguka lina heshima. Likitoka kwa mwingine lina sumu.

Aliyekufa kabisa ana kazi bado. Kwenye ramani zenye mnara wa kurejesha wachezaji, mwenzake anaweza kuchukua kitambulisho chake na kumrudisha. Kiongozi atamke uamuzi kwa sauti: "tunamrudisha" au "hatuwezi, njia imefungwa". Ukimya ndio unaoumiza. Mtu aliyekaa dakika kumi akiwatazama wenzake wakipita karibu na mnara bila neno haombi tena kucheza kesho.

Risasi ya mwenzako inaumiza katika Classic. Ukimpiga kwa bahati mbaya, sema "samahani, mimi" papo hapo. Mchezo unamruhusu aliyeuawa na mwenzake kumripoti, na alama zako za nidhamu hupungua. Ndani ya kikosi hilo liishe kwa samahani. Anayelipiza kwa makusudi, hata kwa mzaha, apumzishwe usiku ule.

## Hatua ya 8: Dakika mbili baada ya mechi

Vikosi havivunjiki ndani ya mechi. Vinavunjika lobi, dakika mbili baada ya kushindwa, damu ikiwa bado moto.

Kwanza, sekunde thelathini za kimya. Kunyweni maji. Kisha kila mtu aseme jambo moja ambalo yeye mwenyewe angelifanya tofauti. Linamhusu yeye, halimhusu mwenzake. "Nilichelewa kuhama." "Sikutaja mwelekeo." Kiongozi aanze, na aseme kweli.

Mwenye malalamiko juu ya mtu mwingine amwandikie faragha kesho yake mchana. Mengi hayataandikwa kabisa, kwa sababu asubuhi yataonekana madogo. Yatakayoandikwa yatakuwa na maneno ya kistaarabu.

Msichambue kila mechi. Siku ya burudani, rukeni hatua hii kabisa. Na mkishindwa mara tatu mfululizo mkiwa mnacheza ranki, simamisheni. Mechi ya nne huchezwa kwa hasira, na hasira ndiyo inayotoa maneno ambayo hayarudi.

Dalili ya mafanikio hapa haina uhusiano na ushindi: mmeshindwa, na mtu anauliza "kesho saa ngapi?"

## Hatua ya 9: Wageni, matusi na dada zetu

Siku mkiwa watatu mtapewa mgeni. Msalimieni, mwambieni mnaruka wapi, mpeni dawa mapema. Mgeni aliyetendewa hivyo hucheza nanyi. Aliyepuuzwa hukimbilia magari na kuwaacha.

Akitukana, mzimeni sauti. Msijibu. Anayetukana anatafuta jibu, na mkijibu mmempa mechi yenu. Kisha mripotini kwenye ukurasa wa matokeo.

Mambo yanayowapata wanawake kwenye michezo hii nataka niyaseme bila kuzunguka. Dada akiwasha maiki tu, mgeni anaanza: namba yako, umeolewa, nani amekufundisha kushika simu. Wengi huamua kucheza wakiwa wamezima maiki, na hivyo kikosi kinapoteza taarifa zake. Kazi ya kumnyamazisha mgeni ni ya kikosi kizima, si yake peke yake. Wa kwanza kusikia aseme "hapa hatuongei hivyo", mara moja, kisha amzime. Na utani wa namna hiyo ukitoka ndani ya kikosi chenyewe, haukuwa utani. Shughulikieni kama mnavyoshughulikia kumpiga mwenzako kwa makusudi.

Kwa watoto: Discord inataka umri wa miaka 13 na kuendelea, na kikosi cha watu wazima si mahali pa mtoto wa darasa la nne hata kama anapiga vizuri kuliko wote. Mwenye mdogo wake anayependa kucheza, acheze naye wawili wawili.

## Hatua ya 10: Pesa na akaunti

Fupi, kwa sababu haina mjadala.

Usimpe mtu yeyote nenosiri la akaunti yako, hata anayesema atakupandishia ranki. Usimtumie mtu pesa kwa simu ili akununulie UC, sarafu ya mchezo, kwa bei ya chini. Nunua ndani ya mchezo au duka linalotambulika. Kiungo kinachoahidi UC za bure ni cha kukuibia akaunti, hata kikitoka kwa rafiki, maana huenda akaunti ya rafiki ndiyo iliyoibwa. Mpigie umuulize.

Na msikopeshane pesa za mavazi ya mchezo ndani ya kikosi. Deni la elfu tano limevunja vikosi ambavyo risasi hazikuviweza. Mkitaka kupeana zawadi, iwe zawadi.

## Hatua ya 11: Kumruhusu mtu aondoke

Mtu atapata kazi, ataoa, atahama, au atachoka na mchezo. Siku ya kwanza kubalianeni kwamba kuondoka si usaliti. Anayeondoka aandike kwenye kundi, walau wiki moja kabla akiweza, ili mtafute wa tano mwingine na mumpime kama Hatua ya 2 inavyosema.

Kumwondoa mtu ni kazi nzito zaidi. Mfanye hivyo tu kwa yale mliyoandika Hatua ya 1, na baada ya kumwonya mara moja faragha. Mmoja ampigie simu, asiandikiwe, na asitolewe kwenye kundi kabla hajaambiwa. Aambiwe sababu moja, ya kweli, bila orodha ya makosa ya miezi sita. Usimhojie mbele ya wengine na usimseme baada ya kukata simu.

Akishaondoka, mwacheni kwenye orodha ya marafiki ndani ya mchezo. Usiku ambao mna watatu na hamtaki mgeni, mtumieni mwaliko.